Uvimbe wa Baada ya Dawa

Niliingia jikoni nikamkuta mama akimwaga supu kwenye sinki. Alifungua bomba hadi mwisho, maji yakavuma, naye akasimama akiangalia mchuzi unavyozunguka na kuzama, kana kwamba ungeweza kubadili nia na kupanda tena.

"Imechacha?" nikauliza.

"Iko muzuri," akasema bila kugeuka. "Hiyo njo ubaya wake."

Supu ilitoka kwa anti. Nimemwita anti tangu nikivaa sare ya shule, ingawa hatuna damu moja. Ni Mtanzania wa Morogoro, aliolewa huko na Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, akaja naye hapa wakati wapigania uhuru waliporuhusiwa kurudi kwao, akabaki baada ya kumzika. Anaishi Randburg, katika fleti aliyoachiwa na mumewe. Mama yangu ni Mkongo wa Bukavu. Wanawake hawa wawili wana kibanda cha ushonaji Newtown, cherehani mbili zinazotazamana, na tangu utoto wangu nimewasikia wakibishana Kiswahili cha nani ndicho kimepinda.

Mwaka ule wa supu, shingo ya mama ilitoa vinundu chini ya sikio la kushoto, kama maharage yaliyoshonewa ndani ya ngozi. Kliniki walimchoma sindano, wakavuta majimaji, jibu likaja: kifua kikuu cha tezi. Mama alimkasirikia nesi. "Kifua iko wapi hapa?" alimwuliza akijishika shingo. Nesi hakucheka. Alituambia kwamba dawa ni za miezi mingi na haziruhusu kurukwa. Mgonjwa akiacha katikati, vijidudu vinavyobaki huzoea dawa, na mara ya pili vidonge vilevile havitamwokoa. Alisema hivyo akinitazama mimi, si mama, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mzigo.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Vinundu vilipungua, hamu ya kula ikarudi, mama akaanza kuniuliza lini nitaandika kitabu ambacho mtu anaolewa mwishoni. Alikuwa bado dhaifu wa miguu, na lifti ya jengo letu hapa Joubert Park ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo anti alijitolea kumchukulia dawa kliniki na kumpandishia supu ghorofa zote zile. Halafu shingo ikavimba upya. Safari hii havikuwa vinundu. Ulikuwa uvimbe mmoja, mwekundu, wa moto ukiugusa, ngozi imevutika hadi inang'aa. Kila alasiri homa ilimpanda na meno yakagongana.

Mtu anaumwa, anakunywa dawa, anapata nafuu, kisha anaumwa kuliko mwanzo. Ningeandika hivyo katika riwaya, msomaji angeanza kutafuta mtu wa kulaumu hapo hapo.

Mama alianza na supu. Kwetu Bukavu watu wanaogopa sumu kuliko risasi, kwa maana risasi unaisikia. Kwa hiyo chupa hufunguliwa mbele ya mgeni, na anayekupa chakula hula tonge la kwanza yeye mwenyewe. Hakuna anayeona haya. Ni adabu, kama kusalimia. Mama ameishi Johannesburg miaka mingi na hajawahi kunywa soda iliyofunguliwa nyuma ya mgongo wake, hata kwenye harusi za kanisani.

Anti ana adabu nyingine. Kwao, kumsimamia mgonjwa akila ni kumhesabia matonge. Alikuwa akipanda ngazi na hotpoti yake, anaiweka mezani, anatoa pole, anashika mkoba na kuondoka haraka ili mwenzake ale kwa nafasi. Zamani adabu hizi mbili hazikugongana, kwa sababu pale kibandani walikula sahani moja, mikono ikikutana katikati ya ugali. Ugonjwa ndio uliowatenganishia sahani.

Mama mdogo, mdogo wake mama, anayesuka nywele karibu na Park Station, alikuja kumwona. Alikaa kitandani, akaangalia ile shingo kwa muda mrefu, akavuta pumzi.

"Ule mama wa Tanzania," akasema, "anaonjaka mbele yako?"

"Hapana. Anawekaka tu, anaenda."

"Eish." Akageukia kwangu. "Na dawa? Nani anazitoa kliniki?"

 Mama akajibu kwa kuangalia dirishani, chini kule bustanini, ambako wapiga picha walikuwa wakipanga familia za watu mbele ya maua.

"Mama mdogo, dawa zinatoka zimefungwa," nikasema.

"Hata bia inafungwaka. Na kwetu batu bamekufa."

"Anti ni rafiki yake tangu—"

"Umusikie huyu! Adui atakupikia supu? Ni rafiki njo anapikaka." Akanisogelea na kunigonga goti. "Wewe unaandikaka vitabu. Si uliua mwanaume kwa chai, mule ndani?"

"Ile ni hadithi. Nilibuni."

"Basi. Kama wewe na uso wako wa sala ulibuni, yeye atashindwa?"

Mama alicheka, akashika shingo kwa maumivu, akaendelea kucheka kimya kimya. Mimi nilicheka pia. Lakini mama mdogo alipoondoka, aliniachia kitu. Jioni ile anti alinipigia simu kama kawaida yake na kuuliza, "Kaimaliza yote?" na swali ambalo nililisikia kila siku kama upole likasikika kama la mtu anayekagua kazi yake. Nikakumbuka kwamba wateja wa magauni ya harusi humtaka mama na si yeye. Nikakumbuka jinsi alivyoiona ile shingo mara ya mwisho, akageuza macho upesi. Mtu anayetunga hadithi ana ugonjwa wake: ukimpa vitu viwili vilivyo karibu, atavifunga kamba.

Nilianza kuchunguza kila mtu, na mtu wa kwanza kunaswa akawa mama mwenyewe.

Kati ya vidonge vile kipo kimoja kinachogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, hata machozi. Nesi alikuwa ametuonya tusishtuke. Wiki ile maji yalikatika jengo zima kama yanavyokatika siku hizi, tukawa tunabana maji ya ndoo na hatuvuti choo kila mara. Nikaingia msalani baada ya mama, nikaona mkojo wa rangi ya chai hafifu, kama wa mtu yeyote asiyeumwa. Kesho yake nikachungulia tena. Binti mzima, mwenye vitabu vilivyochapishwa, nimeinama juu ya choo cha mama yangu mzazi kama askari wa mpakani.

"Mama, humezi dawa," nikamwambia.

Hakubisha. Alifungua droo ya vifungo akanionyesha vidonge vimepangana pamoja na vifungo, kila rangi mahali pake, kwa unadhifu wa fundi.

"Minataka kuona kama uvimbe itashuka, nikiziacha."

"Imeshuka?"

Aliirudisha droo. Tulitazamana. Nikaona kwamba anaogopa sana, na kwamba hofu imempa kazi ya kufanya, naye hataki kunyang'anywa kazi hiyo.

"Bado," akasema.

Nilimpeleka hospitali siku iliyofuata. Daktari alikuwa dada wa Soweto, mdogo kuliko nilivyotarajia, amevaa viatu vya mbio. Alizungumza Kiingereza nami, na kwa mama nikawa nafasiri. Aliuliza kama anameza dawa kila siku. Mama, ambaye Kiingereza anakielewa akitaka, akasema, "Kila siku."

"Hapana," nikasema mimi kwa Kiingereza, nikahisi macho ya mama yakinichoma shavuni.

Daktari hakugomba. Aliuliza tu kipi kilitangulia, uvimbe au kuacha dawa. Nikasema uvimbe. Akaitikia kwa kichwa, akaupima kwa ncha za vidole, akaingiza sindano na kuvuta usaha mzito wa rangi ya maziwa yaliyoganda. Alisema atautuma maabara. Yawezekana vijidudu ni sugu, au kuna ugonjwa mwingine umejificha humo. "Mpaka majibu yaje, ninashuku kila kitu," akasema. "Ndiyo kazi yangu." Mama alipofasiriwa hayo akamwangalia kwa heshima kwa mara ya kwanza.

Lakini daktari alikuwa na mshukiwa anayempa uzito zaidi: mwili wa mama mwenyewe.

Alieleza taratibu, akisimama ili nifasiri. Vijidudu vya kifua kikuu ni vijanja. Huingia ndani ya zile chembe za damu zinazotumwa kuvila, vikajificha humo, na kinga ya mwili baada ya muda huchoka na kunyamaza. Kisha dawa inafika. Vijidudu vinakufa kwa wingi, vinapasuka, mabaki yake yanamwagika. Hapo kinga inaamka, inanusa adui kila mahali, na haina njia ya kujua haraka kwamba inanusa maiti. Inaita damu zaidi, joto zaidi, majimaji zaidi. Kwa hiyo mgonjwa anavimba wakati uleule anapopona.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na nani anaiambiaka ikome?"

Nilipolifasiri swali, daktari aliweka kalamu chini. Alisema hilo ndilo swali lenyewe. Zipo chembe nyingine za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza wenzake, na zipo tezi mbili zilizokaa juu ya figo, zinatoa kemikali ya kupoza. Mtu akikatwa kidole, kinavimba, kisha kinarudi kilivyokuwa bila yeye kujua nani ametoa amri. Kwa watu wengi amri hiyo hutosha. Kwa mama ilikuwa imechelewa kusikika. Kulikuwa na dawa ya kuipa nguvu, vidonge vidogo vyeupe, ambavyo vingeanza kwa wingi na kupunguzwa kidogo kidogo.

Mama akaniegemea. "Mwambie hivi. Niko na mwizi ndani ya nyumba, na yeye anataka kufunga mudomo ya mbwa yangu?"

Daktari alicheka sana. Anatoka katika mji wa mbwa na mageti, alielewa mara moja. "Simfungi, Mama. Namzuia asibomoe nyumba. Mwizi anauawa na vile vidonge vya kwanza. Ukimeza hivi vyeupe bila vile, hapo ndipo utakuwa umemfunga mbwa na kumfungulia mwizi mlango. Vyote pamoja, au utanipotezea kazi na utajipoteza wewe."

"Ameze yeye kwanza," mama akasema.

Sikufasiri. Daktari akauliza amesema nini. Nikafasiri, masikio yakiwaka moto. Daktari alitabasamu, kisha akaona kwamba mama hatanii, akaacha kutabasamu. Alisema hawezi, dawa hii si ya kuonjwa na mtu asiye mgonjwa, inapandisha sukari, inabadilisha mambo mwilini. Mama akakunja midomo. Alizipokea dawa mpya kwenye dirisha la dawa kwa mkono wake mwenyewe, akazibeba zimebanwa kwapani njia nzima, tukisimama kila robot, kwenye taa za barabarani, na yeye akiangalia nyuma. Tulipofika akaziweka rafuni na hakuzigusa.

"Aliyenipa zile za kwanza," akasema, "njo ataonja. Za kwanza na hizi. Mbele yangu. Muite."

Nilibisha, nikalia, nikatisha. Nilijitolea kuonja mimi. Akasema mtoto hawezi kumwonjea mama yake, kwani mimi hanishuku. Kila siku iliyopita bila dawa niliihesabu kama mlango unaoachwa wazi, na mwishowe nikampigia anti nikamwambia njoo Jumapili, mama anakutaka. Sikumwambia kwa nini. Sehemu yangu fulani, niseme ukweli, ilitaka kuona uso wake.

Alikuja baada ya ibada, anahema kwa ngazi, amevaa gauni la kitenge alilojishonea. Mama mdogo alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Mezani palikuwa na kisosi chenye vidonge na gilasi ya maji.

"Jamani, mbona kimya kama msibani?" anti akasema. "Shoga, shingo vipi?"

"Kaa, dada," mama akasema. "Kunywa kwanza hizi, halafu na mimi ninywe."

Anti alitazama kisosi. Akanitazama mimi. Nilijaribu kueleza, maneno yakajikwaa: desturi ya kwetu, uvimbe uliorudi, dawa alizozichukua yeye. Niliona maana ikimfikia kwa hatua, kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi.

"Mnataka nimeze dawa ya kifua kikuu ndiyo mjue sijamuua shoga yangu?"

"Na supu," mama mdogo akasema kutoka mlangoni. "Juu ya nini ulikuwa hauonje?"

Anti akamgeukia. "Nisionje? Wewe unapika kwako chumvi inajipima yenyewe? Nimeonja supu ile jikoni mwangu mpaka nikashiba! Au mlitaka nije nisimame kichwani kwa mgonjwa, nimtumbulie macho, kama namdai?"

"Kwetu—"

"Kwenu, kwenu! Kwenu tumekuwa tukila sahani moja pale Newtown mpaka vidole vinaumana, hamkunionjesha. Leo ndiyo nimekuwa mchawi?"

 Mama alisukuma kisosi kidogo, kuelekea kwa anti.

Nikasimama kati yao. "Anti, usimeze. Hii nyeupe inapandisha sukari, na wewe una kisukari."

"Unaona?" mama mdogo akasema. "Sasa na mutoto iko upande wake."

"Sikuwa nataka kumeza," anti akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, nayo ikatisha zaidi. "Simezi. Si kwa sababu ya sukari. Nikimeza leo, kesho mtataka nimeze nini? Niiteni mnavyotaka, nitakwenda nalo jina hilo mpaka Randburg. Lakini wewe utameza." Alivuta kiti, akakaa mbele ya mama, magoti yakagusana. "Sitoki hapa. Leo nitakusimamia, nikutumbulie macho, nikuhesabie kimoja kimoja. Mume wangu alikufa akiniambia amepona, ameacha dawa. Meza."

Jirani wa juu alisogeza kitanda. Mama alimtazama anti usoni, kwa yale macho anayotumia kukagua mshono wa mtu mwingine. Nilikuwa nimesimama pale nikiwa sijui ni lipi naogopa zaidi, kwamba atakataa au kwamba atamfukuza. Halafu akachukua kidonge cha kwanza, akakimeza. Cha pili. Vile vyeupe akavimeza vyote kwa mkupuo mmoja, akafunga macho, akafungua.

"Haya," akasema. "Nenda sasa. Umechoka."

Anti alishuka ngazi bila kusema kwaheri kwa yeyote. Mama mdogo akasimama, mikono kiunoni. "Amekataa kuonja, na wewe unakunywa? Umelogwa tayari!"

"Nyamaza," mama akasema. "Mwenye kubeba sumu anabebaka na dawa ya kuitoa. Angekuwa yeye, angemeza mbio mbio, aniangalie na kucheka. Huyu amekataa." Akajilaza. "Amekasirika. Muuaji hakasirikake hivi."

Nilikaa pembeni mwa kitanda nikijaribu kuukamata mkia wa hoja ile. Mama hakuwa ameacha kushuku hata kidogo. Aliendelea kushuku mpaka shaka ikazunguka na kutokea upande wa pili, na huko akamkuta rafiki yake.

Ndani ya siku chache homa ilikatika. Ule wekundu ulififia kuwa zambarau, kisha kahawia, ukaacha kovu. Choo kikawa tena na rangi ya chungwa, na nilifurahi kwa namna ambayo siwezi kuielezea katika mazungumzo ya watu wenye heshima. Majibu ya maabara yalipokuja, daktari alisema vijidudu si sugu na hakuna ugonjwa mwingine uliopatikana. Alianza kupunguza vidonge vyeupe polepole, akieleza kwamba zile tezi za juu ya figo zimezoea kusaidiwa na lazima ziamshwe bila kushtuliwa. Mama alitaka kujua kwa nini wampe nusu ya dawa iliyomponya, nani anachukua nusu nyingine. Uso wake ulikuwa umeviringana kwa sababu ya dawa, na alikuwa na njaa ya ajabu, anakula na kunituhumu kwamba ninaficha mkate.

Anti hakupanda tena ngazi zetu. Pale kibandani alifanya kazi yake, akajibu salamu, akazungumza na wateja. Mama aliporudi kazini, cherehani zilitazamana kama zamani na wanawake wakatazama nguo. Mimi nilikwenda kila nilipopata nafasi, kwa kisingizio cha kuandika, nikakaa kwenye rundo la vitambaa na kuwapeleleza. Sikuona kitu cha kuandika.

Alasiri moja mama alikata kitambaa cha gauni lake la kanisani, akataka kola ndefu ya kuficha kovu la shingoni. Fundi hawezi kujipima shingo mwenyewe akapata sawa. Alizungukazunguka na futi yake ya kupimia mkononi, akaninyoshea mimi. Kabla sijainuka, anti alikuwa amesimama. Aliichukua ile futi bila kuomba, akaizungusha shingoni mwa mama, juu ya kovu, akaikutanisha mbele kwa vidole viwili.

"Kola ndefu ya nini? Shingo yenyewe fupi kama hiki kidole," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumtania tangu Jumapili ile.

"Soma," mama akasema. "Soma kwa sauti."

Anti akasoma.

 Mama akainua mkono, akaishika futi pale pale ilipokutana, akajaribu kuivuta mbele ili aione namba kwa macho yake mwenyewe. Haikufika. Anti akamlegezea.